Kiti Alichokirudisha Mara Nne

Mume wangu alikirudisha kiti mara nne. Mimi ni fundi wa viti vya magari na sofa, nina karakana ya mabati Ruiru, si mbali na bypass, na katika miaka yote niliyoshika sindano hakuna mteja mwingine aliyewahi kunirudishia kazi zaidi ya mara moja. Yeye alirudisha mara nne, kiti kile kile cha dereva, cha gari lile lile, na kila mara nilikifungua upya.

Nilianza kushona nikiwa msichana, katika kiwanda kimoja cha nguo Eneo la Viwanda, Thika. Kazi yangu ilikuwa mifuko ya makoti ya kazi, mfuko wa kushoto tu, miaka kumi na moja. Yeye alikuwa dereva wa lori katika kiwanda cha chakula ng'ambo ya barabara. Alikuwa mtu mkubwa. Kwenye benchi la hoteli tulipokuwa tukila mchana alikaa kwa paja moja ili wengine wapate nafasi. Tulioana, tukapata binti mmoja, na tangu siku binti alipozaliwa nikaanza kumwita mume wangu Baba, naye akaniita Mama, mpaka majina yetu mengine tukawa tunayaona kwenye vitambulisho tu.

Kiwanda kilipopunguza watu nilinunua cherehani nzito ya kushonea ngozi, nikaifundisha mikono yangu kazi upya. Nilianza na sofa, nikaingia viti vya matatu, halafu mtu mmoja kutoka Nairobi akaniletea gari la zamani la babake, akapendezwa, akawaambia wenzake. Wenye magari ya zamani ni watu wa kuambiana. Ndiyo maana tuliishi Thika lakini karakana nikaiweka Ruiru: wale hawakutaka kuja mpaka Thika.

Watu hudhani kazi yangu ni kushona. Kushona huja mwisho. Kiti cha gari la zamani kwanza unakivua polepole, kwa sababu ngozi ya zamani ndiyo ramani ya ngozi mpya; ukiichana kwa haraka umepoteza vipimo. Chini yake kuna gunia, chini ya gunia kuna nyuzi za nazi ambazo zimekuwa unga, na chini kabisa kuna springi. Springi zikishalala upande mmoja, dereva analala nazo. Anaendesha miaka ishirini akiwa ameinama kidogo kulia, mgongo unamuuma, na hajui ni kiti.

Halafu kuna mtu mwenyewe. Mimi sikubali kumaliza kiti cha dereva kabla mwenye gari hajakaa. Namwambia akanyage klachi mpaka chini: goti likinyooka kabisa, yuko mbali. Namwambia anyooshe mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kifike pale juu bila bega kutoka kitini. Natazama macho yake yako wapi kwenye kioo cha mbele, na paja limebebwa mpaka wapi. Nimewagusa watu magoti na viuno wakiwa wamevaa suti, wakacheka kwa haya, lakini walirudi nyumbani bila maumivu.

Gari letu lilikuwa stesheni wagoni ya Kifaransa, rangi ya maziwa, ya aina ile iliyokuwa ikibeba watu wa safari za mbali zamani. Baba alilikuta Gatuanyaga, kwenye boma la jirani wa mamake, kuku wanataga ndani. Alilikokota mpaka Thika, na baada ya kustaafu akalifanyia kazi miaka miwili. Injini na bodi vilikuwa vyake. Viti vilikuwa vyangu.

Nilikitengeneza kiti chake cha dereva kuliko nilivyowahi kutengeneza kiti chochote. Nilifunga springi upya moja moja kwa kamba. Nilitafuta ngozi ya rangi ya kahawia iliyoiva, si ile inayong'aa. Nilimpima kama mteja: upana wa makalio, urefu wa paja, kutoka kiunoni mpaka begani. Alipokaa mara ya kwanza aliufunga mlango, akashika usukani. Nikamuuliza, "Kuko aje?"

"Hapa," akasema, "mtu anaweza kuzeekea."

Akawa anakwenda Gatuanyaga kila wiki kumwona mamake, na mamake alipofariki aliendelea kwenda kuangalia mbuzi na mahindi. Nilimwona akiondoka asubuhi, kiwiko dirishani, na nilijua kila inchi ya mwili wake imeshikwa na kazi ya mikono yangu.

Kisha akaanza kunywa maji. Alikunywa jagi zima mezani na kuomba jingine. Alipungua mpaka mshipi ukahitaji tundu jipya, na mimi ndiye niliyeutoboa kwa chombo changu cha kazi. Kliniki wakasema ni sukari, na kwamba imekaa mwilini muda mrefu bila kujulikana. Akapewa vidonge na karatasi ya vyakula. Yeye aliikunja karatasi akaiweka ndani ya dashibodi.

Miezi michache baadaye akakirudisha kiti mara ya kwanza.

"Kiti kimelala," akasema. "Naona boneti tu, sioni barabara."

Nilimwamini kwa sababu ilikuwa kweli. Kiti nilikitengenezea mtu mwingine, mwenye uzito mwingine. Mtu huyu mpya alizama katikati kama mtoto kwenye kiti cha mwalimu. Nilikifungua, nikaongeza sponji ngumu chini na laini juu, nikabana pembeni ili asiteleze. Akakaa, akanyoosha mkono, goti likakunjika vizuri. Akaondoka akiwa ameridhika.

Mara ya pili alisema pedali ziko mbali. Nilipima. Hazikuwa mbali. Lakini alisisitiza, "Mama, nakanyaga na sioni kama nimefika." Nikafungua reli za kiti, nikazisogeza mbele kwa tundu moja, nikaongeza ukingo wa mbele ili umsukume paja. Sasa magoti yake yalikuwa karibu sana na usukani, na kama angekuwa mteja ningemkatalia. Kwake nilinyamaza.

Mara ya tatu alisema kiti kinamrusha. Anakanyaga breki kidogo, gari linasimama kwa kishindo. Siku hiyo nilikuwa na mteja, mzee mmoja mstaarabu aliyeleta gari lake la zamani la harusi, na Baba alisema hayo mbele yake. Yule mzee aliangalia viti vyake vilivyokuwa mezani, vimevuliwa, kisha akaniangalia mimi. Niliona anavyojiuliza. Alipoondoka nikamgeukia Baba.

"Unaniharibia jina kwa mlango wangu mwenyewe?"

"Nasema kilicho."

"Kiti ni kizima. Nimekitengeneza mara tatu. Labda kilichoharibika ni wewe."

Alikuwa amesimama karibu na cherehani, ameshika funguo. Alitoka akaketi ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje, akaiangalia miguu yake kwa muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Nilirudi kwa kazi yangu nikajifanya sioni. Ile picha ya mtu mkubwa aliyepungua, ameinama akitazama viatu vyake, nimeiona mara nyingi tangu hapo, na sasa najua alikuwa anafanya nini. Lakini siku ile nilikikaza kiti tena, nikapunguza sponji ya juu, nikampa kimya kimya.

Ajali ilitokea Witeithie, kwenye barabara ya pembeni, mchana. Binti yetu alikuwa naye; alikuwa ameolewa Juja na babake alikuwa anampeleka nyumbani. Kulikuwa na mkokoteni wa maji umeegeshwa mbele ya duka. Baba aliuona kutoka mbali, binti alisema baadaye, na akapunguza mwendo kama kawaida, halafu gari likaendelea tu. Liliukumba mkokoteni, mitungi ikabingirika barabarani, maji yakamwagika mpaka mlangoni pa kinyozi. Mwenye mkokoteni alikuwa dukani ananunua mkate. Kama angekuwa kati ya mikono ya mkokoteni, ningekuwa naandika habari nyingine.

Watu wakajaa. Baba akashuka, na mbele ya wote akasema, "Ni kiti. Kiti kimeteleza mbele."

Nilipigiwa simu, nikafika kwa bodaboda. Nilikuta anasema tena maneno hayo hayo kwa mwenye mkokoteni: kiti kimeteleza. Na mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mboga akaniuliza, "Si wewe ndiye fundi?" Nikasema ndiyo, ni mimi.

Tulilivuta gari mpaka Ruiru. Nilikitoa kiti mara ya nne. Nililala chini ya gari na tochi, nikaziangalia reli. Bolti zilikuwa zimekaza, meno hayajachakaa, hakuna alama hata moja ya kuteleza. Ningepaswa kusimama hapo na kufikiri. Badala yake nilihisi aibu, na aibu ikageuka kuwa hasira, na kwa hasira hiyo nikaanza kazi. Nilimaliza siku tatu. Nilibadilisha reli nzima. Nilikishona kiti upya kwa mshono wa mara mbili, ili asipate neno la kusema.

Siku ya nne asubuhi nilikuwa na sofa ya mteja, ya mbao. Sofa kama hiyo napigilia kitambaa kwa vimisumari vifupi vyenye vichwa bapa. Nilifundishwa kuvishika mdomoni, kumi kumi, na kuvitoa kimoja kimoja kwa ulimi. Vinaanguka. Kila fundi wa viti anajua vinaanguka, na kwa kuwa kichwa ni kizito, kikianguka kwenye saruji mara nyingi kinasimama na ncha ikiangalia juu. Jioni huwa napitisha sumaku ya spika kuukuu sakafuni, navikusanya. Hiyo ilikuwa asubuhi.

Baba alikuja saa tano kujaribu kiti. Alikuwa amevaa buti nzito za kazini, zile alizopewa alipokuwa dereva. Tangu ugonjwa uanze alikuwa akizivaa kila siku, hata kanisani, na nilikuwa nimejiambia kwamba labda tatizo ni hizo buti. Soli ni nene, hawezi kuisikia pedali. Nilifurahi kwa kuwa nilidhani nimepata jibu.

"Vua hizo buti," nikamwambia. "Leo nataka nikupime ukiwa na soksi."

"Nivue?"

"Vua, Baba. Nikupime vizuri mara moja, tuachane na haya maneno."

Alisita. Kisha akainama akavua, akaziweka kando ya mlango wa gari. Alisimama pale sakafuni na soksi zake za kijivu, akanisubiri nifunge bolti ya mwisho. Pengine ni dakika tano. Akatembea akazunguka gari upande wa nyuma, akafungua mlango wa mizigo, akaufunga, akarudi. Nikamwambia aketi. Akaketi, nikampima: goti, kifundo cha mkono, macho. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akavaa buti zake, akaendesha mpaka kituo cha mafuta na kurudi, akasema, "Sasa kiko sawa."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Niliona nimeshinda.

Wiki nzima aliendesha. Alikuwa mchangamfu, akasema nimeweza, akamwambia hata jirani. Siku ya Jumapili asubuhi nilikuwa napiga pasi shati lake la kanisani, nikasikia harufu chumbani. Nilidhani ni panya amekufa. Nilisogeza kitanda, nikaangalia nyuma ya sanduku. Harufu ilikuwa inatoka kwenye buti zake, na yeye alikuwa tayari amezivaa, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Hebu toa hiyo ya kulia," nikasema.

"Tutachelewa."

Nilipiga magoti nikaivua mwenyewe. Soksi ilikuwa imeshikana na mguu. Niliiloweka kwa maji ya uvuguvugu, nikaivuta taratibu, na chini ya kidole gumba, pale mtu anapokanyagia mafuta, niliona kichwa cha msumari. Kichwa bapa, cha bluu iliyokolea, kimezama mpaka kimelingana na ngozi. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa nyeusi, na wekundu ulikuwa umepanda mpaka kwenye kifundo cha mguu.

Nilikijua. Navinunua kwa pakiti, naviweka mdomoni kila siku, najua hata ladha yake.

Niliinua macho. Alikuwa anautazama mguu kama mtu anayetazama mguu wa mtu mwingine. Uso wake haukuwa na maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba, hujasikia?"

"Sikusikia kitu."

"Wiki nzima?"

Nilikuwa nimeushika mguu kwa mikono miwili. Nikabonyeza kidole chake cha pili kwa ukucha. "Hapa?" Akatikisa kichwa. Nikabonyeza unyayo. "Hapa?" Akatikisa kichwa. Nikapanda na ukucha mpaka katikati ya muundi ndipo akasema, "Hapo kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kabla ya ile mara ya kwanza niliyokuletea kiti." Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anataja saa. "Nilikuwa natazama chini nijue mguu uko wapi. Nikitazama chini sioni barabara. Nikitazama barabara sijui nimekanyaga nini. Usiku nilikuwa siendeshi kabisa, hukugundua?"

Sikuwa nimegundua.

"Kwa hivyo haikuwa kiti."

"Kiti kilikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

Nilitaka kumpiga. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika mguu unaooza, na nilitaka kumpiga. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungechukua funguo," akasema.

Na ni kweli, ningezichukua.

Tulimwita binti yetu na mumewe, tukampeleka hospitalini. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alikitoa kile kimsumari kwa koleo dogo, akakiweka kwenye chachi, akauliza, "Hiki kilitoka wapi, mzee?" Nilifungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Shambani. Gatuanyaga. Kuna mbao za zamani pale kwa zizi la mbuzi."

Daktari akaandika. Mimi nikafunga mdomo.

Walijaribu dawa siku tano. Walisafisha kidonda wakakata vidole viwili, halafu wakasema haitoshi. Mguu ulikatwa chini ya goti siku ya Jumamosi. Kabla hajaingizwa ndani aliniomba nimvue saa, nikaivaa mimi, na kwa kuwa mkono wangu ni mwembamba ilikuwa inazunguka zunguka. Nilikaa kwenye benchi la ukutani na binti yangu. Benchi lile lilikuwa na ngozi ya bandia iliyopasuka na sponji imetoka nje, na mikono yangu, bila mimi kuituma, ilikuwa inajaribu kuirudisha ndani.

Aliporudi nyumbani watu wa kanisa walikuja kumwona. Alikaa sebuleni amefunikwa blanketi, akawaeleza. Mara ya kwanza alisema msumari wa zizi. Baada ya wiki mbili ulikuwa umegeuka mwiba. Mwiba wa Gatuanyaga, mrefu hivi. Akina mama wa kikundi chetu walitikisa vichwa, wakasema ile sehemu ya ukavu ina miiba mibaya, na mmoja akaeleza habari za ng'ombe wake. Mimi nilikuwa natoa chai. Nilikuwa nasikia jinsi mwiba ule unavyozidi kuwa wa kweli, na sikuusahihisha.

Siku moja tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini.

"Mtu akiniuliza nimjibu nini?" akasema. "Kwamba nilikanyaga karakana ya mke wangu?"

"Ndiyo ukweli."

"Ukweli unaendelea. Nikisema msumari wako, wataniuliza kwa nini sikuusikia. Nikisema sikuusikia, wataniuliza niliendeshaje gari na mtoto wangu ndani." Alivuta blanketi. "Sikukulinda wewe peke yako. Usinishukuru."

Gari lilikaa karakanani miezi mitano limefunikwa turubai. Sikuthubutu kulitaja. Ni yeye aliyempigia simu mnunuzi, kijana mmoja wa Ruiru anayekusanya magari ya zamani, mrefu, mikono mirefu. Kijana alilipenda gari kila mahali isipokuwa kiti cha dereva. Alijaribu kuketi, magoti yakagonga usukani.

"Mathe, hii seat ni ya nani?" akaniuliza. "Naskia kama nimekalia stuli. Unaweza nirudishia ikae original?"

Nilisema naweza. Baba alikuwa ameketi kwenye sofa ya mteja, magongo kando yake, anatusikiliza.

Niliifanya kazi hiyo mbele yake. Nilitoa reli mpya nikarudisha za zamani. Nilifumua mshono wa mara mbili. Chini ya ngozi nilikuta kazi zangu zote zimelala moja juu ya nyingine: ukingo niliouongeza, sponji niliyoipunguza, sponji ngumu, pembe za kumzuia asiteleze. Nilizitoa nikazitupa mlangoni, rundo likawa kubwa kuliko nilivyotarajia. Kwenye springi sikugusa kitu. Kamba zilikuwa zimekaza kama siku nilipozifunga, na hilo liliniuma zaidi ya mengine yote. Nilipomaliza, Baba akasema ana njaa, twende nyumbani.

Kijana alikuja Jumatatu, akaketi, akanyoosha mkono juu ya usukani bila mimi kumwambia. Goti lilikunjika sawasawa. "Iko poa sana," akasema, akaliwasha, akaingia barabarani. Baba alimtazama mpaka kwenye kona na akaniambia gia ya pili anaichelewesha.

Binti yangu ndiye aliyeniuliza mwishowe. Tulikuwa tunaanika nguo. "Mami, wiki ile Baba hakuwa ameenda Gatuanyaga. Nilikuwa nampigia simu kila siku, alikuwa hapa."

Nilimwambia yote, mpaka jinsi nilivyosema vua hizo buti. Alisikiliza akiwa ameshika shuka upande mmoja na mimi upande wa pili. Tuliikunja tukakutana katikati, akanikabidhi ncha zake.

"Usimwambie mtu mwingine," akasema.

Ana watoto wawili wadogo. Zamani walikuwa wakija karakanani siku za likizo, wakicheza na vipande vya ngozi. Siku hizi nikiuliza kama watakuja, anasema wana masomo, au barabara ina vumbi. Simlaumu. Mimi mwenyewe sasa napitisha sumaku mara tatu kwa siku, na vimisumari naviweka kwenye kopo lenye kifuniko. Mdomoni siviweki tena. Kazi imekuwa ya polepole na wateja wengine wamenichoka.

Baba anaishi. Sukari yake hupanda na kushuka. Mchana hukaa mlangoni, husikiliza magari na kuniambia lipi lina shida gani. Kila jioni kabla ya chakula naleta beseni, nauosha mguu wake wa kushoto, naukausha kati ya vidole, nauangalia unyayo kwa miwani. Kisha nachukua kipande cha pamba nianze kumjaribu, kama walivyonionyesha kliniki. Anapaswa kufumba macho na kusema ni wapi.

Anafumba macho. "Nasikia," anasema, na mimi bado sijamgusa.